Bana Mbili Mpya na Harufu ya Jikoni

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Bana ya kushoto ya jiko la gesi imekwisha. Kifuniko kimeliwa ukingoni, matundu saba yameungana yakawa mdomo mmoja. Moto unatoka wa manjano, sufuria zote matako meusi. Ya katikati inaifuata. Miaka sita ya chai ya maziwa kuchemka na kumwagika — chuma gani kingevumilia?

Hooyo, mama yangu, amesema wazi. Ijumaa ndugu yake, mjomba wangu Abti Nuh, anakuja kutoka Hadado, na hatalishwa chakula cha moto mgonjwa. Atatoa jiko la mkaa stoo. Nikamkumbusha maneno ya daktari, mwezi wa nne: kifua chake hakitaki moshi tena, hata wa siku moja. Alilala siku tano na oksijeni puani. "Daktari hajawahi kumpikia Nuh," akasema.

Nimeahidi: Ijumaa, moto wa bluu. Nimeripoti mafuriko matatu ya Tana. Nitashindwa na bana?

Jumanne, 7 Oktoba

Sokoni Suq Mugdi, kwa Halkano, Mborana wa Wajir anayefufua majiko chini ya bati. Nilikuwa nimepima kwa rula: upana sentimita tisa na nusu, shingo mbili nukta nne. Akaichukua karatasi yangu, akaigeuza, akanirudishia.

"Dada, hii ni habari. Mimi nataka maiti yenyewe."

Nikazitoa bana zote mbili mkobani, zimefungwa gazetini. Akacheka. Gazeti ni lako? Ndiyo, ukurasa wa nne wangu. Akachagua mpya mbili, akaweka kila moja juu ya kioo aone kama imepinda. Akauliza kama nyumbani kuna harufu yoyote.

Hakuna, nikamwambia. Sikufikiri mara mbili.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefanya mwenyewe. Mtungi nikafunga, gesi iliyobaki ikaungua mpaka moto ukajifia. Vyuma vya kushikia sufuria kwenye siki. Kitundu cha gesi nikakisafisha kwa unywele mmoja wa brashi, si sindano — sindano hupanua. Bana zimekaa, hazichezi. Dakika arobaini.

Bluu! Ncha kali, duara kamili. Nikamwita Hooyo. Akasimama mlangoni, kitambaa puani.

"Saado, umembadilisha mgonjwa nguo. Harufu iko palepale."

Alasiri Idil, mdogo wangu, akaleta chetezo, akafukiza ubani wa uunsi jikoni. Nyumba ikanukia arusi. Hooyo akakohoa mpaka akaketi chini. Mimi nikahitimisha kichwani: uzee na ukaidi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Asubuhi Hooyo akasema tena. Kitunguu kilichooza — na kiko chini, karibu na miguu. Mimi sikusikia kitu. Natoka saa kumi na mbili, narudi nyumba imeshafukizwa. Nikamgeukia Idil. Akamaliza chai yake kwanza.

"Abaayo, mimi nilidhani ni takataka. Ndiyo maana nafukiza."

Tangu lini?

"Wiki tatu. Kila alasiri."

Jikoni?

"Si ndiko kunakonuka!"

Nikaweka kikombe mezani. Makaa mekundu sakafuni, chini ya jiko la gesi, kila alasiri kwa wiki tatu. Idil akanitazama, akaelewa. Subhanallah, akasema, kwa sauti ambayo sijaisikia kwake.

Madirisha yote wazi. Povu la sabuni kwenye kila kiungo. Bana: safi. Regulata: safi. Mpira wa gesi, nyuma, pale unapoingia kwenye jiko — mapovu, moja baada ya jingine, bila haraka. Ufa wa urefu wa ukucha. Nikafunga mtungi, nikautoa uani.

Miaka kumi na tisa nawauliza wakubwa maswali wasiyoyataka. Anayepika kwenye jiko hili kila siku sikumuuliza hata moja. Alinipa habari mara mbili, nikaiandika kama tabia yake. Ripota mgeni akiniletea kazi ya namna hiyo, namrudisha.

Mchana tumekula mkate na maziwa. Hooyo hakulalamika. Nilitamani alalamike.

Ijumaa, 10 Oktoba

Halkano alikuja mapema na mpira mpya na vibano viwili. Akatazama ufa. Akanitazama.

"Hakuna harufu, eh?"

Nikamwachia hiyo, ni haki yake. Akafunga, tukapaka povu mara tatu. Hakuna kitu. Chetezo ni marufuku jikoni, Idil ameapa. Nimemweleza Hooyo yote, kosa langu likiwa la kwanza. Akasikiliza akikata vitunguu. Akasema anajua alichosema, hahitaji nimsomee.

Saa nane. Abti Nuh amepiga simu, ameshapita Modogashe. Nyama ya mbuzi ingekuwa motoni sasa. Hooyo aliwasha mkaa uani tangu saa saba, mwenyewe, akipuliza. Nilikwenda kuuzima, akanishika mkono. Wacha, mpaka nijue mwenyewe. Nikamwambia gesi ni salama, nimeithibitisha. Niliposema neno hilo nilijua kwamba juzi pia ningelisema.

Akabeba sufuria ya nyama hadi jikoni, nami nyuma yake. Akageuka.

"Toka. Pua yako nimeshaijua. Sasa nataka yangu."

Akafunga mlango.

Nimeketi uani na daftari, moshi machoni. Dirisha la jikoni liko wazi. Nasikia kila kitu. Anavuta pumzi kwa pua, ndefu. Anainama — magoti yanalia. Anavuta tena. Kikohozi kimoja, kifupi. Kisha kitufe cha jiko: tik. Kimya. Tik.

Sijui kama moto umeshika. Hajaniita. Makaa huku yameiva, hayana sufuria.