Nia, Madhara na Kiungo: Kesi ya Maman Vestine

Jumatatu, 1 Machi 1999

Nimepalilia maharagwe hadi saa nne. Halafu meza, kalamu, watu ninaowaandikia barua. Mmoja anaomba kitambulisho kipya. Mwingine anamtafuta kaka yake aliyebaki Kongo. Wa mwisho alikuwa jirani yangu Maman Vestine, mjane anayepika pombe ya mtama. Anataka kumshtaki mwanakijiji mwenzetu, Bonifasi.

Tangu Desemba Bonifasi anatangaza kwamba mdogo wake aliuawa kwa sumu, na kwamba sumu ilikuwa katika pombe ya mama huyu. Sasa hakuna anayenunua. Wakwe watarajiwa wa binti yake, Vestine, wamesimamisha ndoa.

"Papa, banasema niko mulozi. Sitaki makuta yake, pesa sio kitu. Nataka aseme mbele ya bantu kama alidanganya. Pengine bale bakwe batarudi."

Nimekubali. Nilifundisha sheria Bukavu miaka kumi na minane kabla hatujarudi Rwanda. Jambo hili nalijua.

Jumatano, 3 Machi

Nimemweleza Maman Vestine polepole, kama darasani. Kwanza lazima pawe na tendo: hapa ni maneno, na mashahidi wapo. Pili nia: aliyasema akijua ni uongo, ili amwumize. Kisha madhara, na hayo anayaona kila asubuhi mtungi unapochacha bila mnywaji. Mwisho kiungo: madhara yawe yametokana na tendo lile, si na jambo jingine. Ikikosekana sehemu moja, kesi imeanguka.

Nikampa mfano. Nikisukumwa sokoni nikakukanyaga, huo ni uzembe, labda hata huo sio. Nikikukanyaga huku nakutazama usoni, hilo ni jingine kabisa.

"Basi Bonifasi alinikanyaga na miguu yote mbili," akasema, akacheka. Sijamwona akicheka mwaka huu.

Ijumaa, 5 Machi

Nia imepatikana. Muuguzi wa kituo cha afya yuko tayari kushuhudia. Marehemu alikufa kwa malaria iliyopanda kichwani. Karatasi yenye sababu ya kifo alikabidhiwa Bonifasi mwenyewe, akaisoma pale pale. Wiki mbili baadaye akaanza kusema sumu. Ni majuma yale yale ambayo Maman Vestine alikataa kumwachia shamba lake la kando ya ziwa.

Nimefurahi kupita kiasi. Nimeandika shtaka kurasa tatu. Nusu ukurasa ungetosha.

Jumanne, 9 Machi

Mahakama ya kantoni. Hakimu amechoka. Anasema magereza yamejaa watu walioua kwa panga, na sisi tunamletea neno. Nilimjibu kwamba nchi hii inajua neno linaweza kufika wapi. Akatusikiliza.

Muuguzi alisema vizuri. Kisha Bonifasi akasimama.

"Mimi nilisema Desemba. Bantu baliendelea kunywa kwake mpaka Januari. Baliacha ile siku ya posa ya Vestine. Mzee Mwalimu alipewa murija, akaupitisha bila kunywa. Bote baliona. Mumuulize yeye."

Ni kweli. Kwetu mwenye nyumba hunywa kwanza, wageni wamwone akimeza, ndipo anampa mrija mtu mkubwa kuliko wote kikaoni. Mkubwa akinywa, wote wanakunywa. Siku ile mkubwa nilikuwa mimi.

Mtu nyuma akapaza sauti: "Mzee anaogopa kufa na mvi zake!" Wakacheka. Hakimu ameahirisha hadi Alhamisi. Nitajibu kama shahidi.

Njiani Maman Vestine alinitetea mbele ya kila tuliyekutana naye. "Papa alikuwa anakunywa dawa ya tumbo, muganga alimukataza pombe." Ni mimi niliyemwambia hivyo Januari. Nimeitikia tu.

Jumatano, 10 Machi

Dawa ya tumbo niliimaliza siku mbili kabla ya posa.

Niliogopa. Ndiyo hiyo. Maman Vestine alikunywa mbele yangu, nikaona koo lake likimeza, na bado niliogopa. Mimi niliyewafundisha vijana wa watu kwamba tuhuma si ushahidi. Najionea haya.

Nimekaa na sheria mchana kutwa. Nikisema dawa, kiungo kinakatika: watu walikimbia kwa sababu ya tumbo langu, na Bonifasi anatoka huru. Nikisema hofu, kiungo kinashika. Neno lake lilinitia hofu, hofu yangu ikawatia wengine. Mtu wa katikati hakati mnyororo ikiwa alifanya kile kile mkosaji alichotaka kifanyike.

Mwanafunzi akiniandikia jibu hilo ningempa alama zote.

Lakini lazima mama yule alisikie.

Nilitaka kwenda kumwambia kwanza, faraghani. Nilifika kwenye ua wake. Alikuwa anafua nguo ya kuvaa kesho. Nikarudi. Huo ni woga wa pili.

Mizinga ya vita inalia ng'ambo, upande wa Bukavu, tangu adhuhuri.

Alhamisi, 11 Machi

Nimesema.

Hakimu akauliza: "Uliamini kwamba ni mlozi?"

"Sikuamini. Niliogopa."

"Kuna tofauti gani?"

Maisha yangu yote nimeeleza tofauti kati ya jambo na jambo. Leo nilirudia tu: niliogopa. Bonifasi alikuwa anatazama sakafu. Ameelewa kwamba nimemfunga. Maman Vestine sikumtazama.

Kurudi, alitangulia. Mvua ilianza, hakungoja.

Jumatatu, 22 Machi

Hukumu. Tumeshinda. Tendo, nia, madhara, kiungo, vyote vimekubaliwa, na kuhusu kiungo hakimu ametumia karibu maneno yangu. Bonifasi atakana uongo wake hadharani, baada ya misa.

Nilimfafanulia Maman Vestine nje ya mahakama. Alisikiliza akiwa amesimama, mkoba umebanwa kwapani.

"Nimesikia. Asante kwa kazi, Mzee."

Jumapili, 28 Machi

Jumapili ya Matawi. Bonifasi alisema haraka, kofia mkononi. "Nilidanganya. Ule mama hakumuua ndugu yangu." Wengine walipiga makofi. Kufika saa saba wanywaji wanne walikuwa uani kwa Maman Vestine. Niliwaona kutoka kwangu. Mimi sikwenda.

Jioni habari ikaja. Wakwe wamesikia, wamefurahi, wanamtakia Vestine heri. Ila kijana wao wamekwisha kumposea msichana wa kule Nzahaha tangu Februari. Kesi ilikuwa bado haijafunguliwa. Sheria inasema madhara yarudishwe. Haya hayarudi. Nikigawa kosa kwa haki, sehemu ni yangu, na hakuna aliyenishtaki.

Jumatano, 31 Machi

Mvua nyepesi. Vestine amevuka leo kwenda Bukavu kwa shangazi yake, vita au si vita. Anasema huko hakuna anayemjua. Mama yake alimsindikiza hadi darajani, akarudi peke yake, kwa miguu.

Alipita mbele ya lango langu kama saa tisa. Nilikuwa nimesimama hapo. Nilitaka kumwambia kwamba muda wa rufaa haujaisha, kwamba Bonifasi bado anaweza kukata, kwamba aihifadhi nakala ya hukumu mahali pakavu. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo.

Alinisalimu. Nikaitikia. Akaendelea na njia, viatu mkononi kwa ajili ya matope.