Asante Iliyopewa Picha

Oli, Arua
Jumapili asubuhi

Mjukuu wangu Zamzam,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama yako amepona kikohozi, na shangazi yako wa Koboko amevuna simsim. Mimi bado sijauzoea ukimya wa nyumba tangu babu yako alipofariki.

Unaniuliza kama rais anastahili sifa uchumi ukiwa mzuri. Swali lako limeniamshia wivu wa zamani.

Nilipokuwa kijana nilisuka tabaga, zile kawa za rangi za kufunikia chakula, na wanunuzi walikuja hata kutoka Sudan. Kwa fedha za tabaga hizo tuliezeka nyumba mabati. Siku hiyo babu yako alisimama mbele ya picha ya rais ukutani akasema, "Asante, Mzee. Sasa nyumba iko na mabati."

Nilikuwa nyuma yake, vidole vimechanika kwa ukindu. Nikachukua tabaga nikaifunika ile picha.

"Mama Safi, wewe naona wivu ya picha?" akacheka, akiniita kama kawaida kwa jina la mtoto wetu.

"Hiyo picha iko na vidole?"

"Na barabara ya Sudan, wewe ndiyo nafungua?"

Barabara ilipofungwa baadaye, hakuna aliyenunua tabaga zangu.

Basi mpe rais sifa ya barabara, kama aliitunza. Lakini babu yako amekufa bila kuniambia mimi lile neno aliloiambia picha, na bado ninaionea wivu. Ukiandika jibu lako la shule, nitaje na mimi, kwa jina langu.

Bibi yako,
Hawa