Pale Lilipokuwa Jiko

Kwako mdogo wangu mpenzi, Bwana Ramani,

Pokea salamu zangu za mapenzi, wewe na wifi yangu na watoto wote, pamoja na huyo mchanga ambaye nasikia ameshaanza kumchekea kila mtu asiyemjua. Je, hamjambo? Kifua cha wifi kimepona? Mwambie namuulizia, na kwamba zile fulana za mtoto nimeshazishona. Nasubiri tu mtu wa kuaminika wa kunifikishia, maana yule wa safari iliyopita alifika kwenu na nusu ya mzigo na hadithi ndefu. Mimi ni mzima. Mgongo unanisumbua kidogo, lakini huo ni mgongo wa mshonaji na tumeshazoeana. Mama naye hajambo. Anakula vizuri, masikio yake ni makali kuliko yangu na yako, na ulimi wake ndio kabisa, haujazeeka hata kidogo.

Najua unajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati juzi tu tumezungumza. Mdogo wangu, katika nyumba hii simu haina siri. Ukipiga tu, Mama anataka sauti ifunguliwe naye asikie, na nikitoka nje na simu ananiita na kuuliza ni siri gani hizo anazofichwa mzazi. Ndiyo maana nakuandikia. Nakuomba uisome barua hii ukiwa peke yako, tena umekaa, na usinipigie mpaka uimalize yote.

Nianze na habari za nyumba, kwani najua ndizo unazozingojea. Tangu dalali alipopigilia kile kibao chake getini, watu wamekuja wa kila aina. Kibao chenyewe kilikuwa kinasema nyumba ya familia inauzwa, imekarabatiwa na kuongezwa, ya kisasa, mashambani, hewa safi. Hiyo hewa dalali anaisifia utadhani aliileta yeye kwenye gunia. Amekuja mwalimu mmoja akagonga kila ukuta kwa kidole na kutega sikio. Wamekuja bwana na bibi, wakagombania chumba kipi kitakuwa cha mama mkwe na kipi cha kuku, wakaondoka wamenuniana. Amekuja pia mfanyabiashara aliyelalamika kwamba huku kimya kimezidi. Lakini wote, hata yule wa kimya, walisifu ramani yako. Walisifu sebule ilivyo pana, jiko lilivyohamia nyuma likapata bomba, choo cha ndani, na vile vyumba viwili vipya vyenye madirisha makubwa. Kila mara nilijibu kwamba aliyechora ni mdogo wangu, na mimi ndiye niliyechagua vigae. Nilikuwa najisikia, sitakuficha.

Unakumbuka tulivyolipanga jambo lenyewe. Mama alikuja kwako wifi alipokaribia kujifungua, nasi tukakubaliana kwamba akiwa huko tumtengenezee nyumba, arudi aikute kama bibi harusi. Tulichoka na ile korido nyembamba, na lile jiko la moshi la mkono wa kushoto, na choo cha uani ambacho mvua ikinyesha unakwenda na mwavuli. Ukachora, mimi nikasimamia fundi. Siku tuliyomrudisha, Mama alisimama mlangoni muda mrefu ameshika fremu. Kisha akatushukuru, akatubariki mmoja mmoja, akalia. Na sisi tukalia, tukijua ni furaha.

Haukupita muda akasema nyumba iuzwe. Akasema baridi imemzidi, kijiji kimechoka, anataka kuhamia kwako awe karibu na wajukuu. Ulishangaa, nami nilishangaa, maana mwanamke huyu miaka yote akilala kwa mtu siku ya pili anaulizia viatu vyake. Lakini ulisema ni uzee, nami nikaitikia. Nikamwachia mwenzangu duka la ushonaji, nikaja kukaa hapa ili niwaoneshe wanunuzi nyumba.

Sasa ngoja nikueleze nilichokiona nilipokuja kukaa. Mama alikuwa anashinda kwenye kiti kimoja, kile cha karibu na mlango wa mbele. Nilidhani ni huzuni ya kuhama. Nikimwambia atembee kidogo, ananiambia vigae vinateleza. Zaidi ya mara moja nilimkuta amesimama katikati ya sebule, mkono mmoja mbele, na nilipomuuliza alinijibu anafukuza nzi. Mimi, mtu mzima na akili zangu, nikaenda kununua dawa ya nzi. Siku nyingine nilimkaripia kabisa. Nilimwambia amekuwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe, na watoto wamejitesa kumpendezeshea naye hata kutazama hataki. Alinyamaza. Mama, kunyamaza! Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, lakini sikushtuka.

Halafu wiki mbili zilizopita dalali alimleta mkunga mstaafu, mama mmoja mnene, mpole, anayetafuta mahali pa kupumzikia. Dalali huwa ananisihi nimfiche Mama chumbani wateja wakija, eti mzee akionekana bei inashuka. Siku hiyo sikumsikiliza. Mkunga alimsalimia Mama kwa adabu, akakaa naye wakacheka, kisha akamwomba yeye mwenyewe, mwenye nyumba, amtembeze. Mama akainuka. Nilifurahi, nikaenda kuleta chai.

Niliporudi na sinia nikamkuta Mama ameshika ukuta kwa kiganja, anakwenda taratibu, na mkunga nyuma yake. Akafika mahali fulani, akageuka kushoto, akasimama mbele ya ukuta mtupu, karibu uso wake uuguse. Akamkaribisha mgeni jikoni. Akamwonesha dirisha linalopata jua la asubuhi, na rafu aliyopigiliwa na marehemu Baba, na kona ya mtungi, na pale dari ilipoungua siku tuliyotaka kupika sisi wenyewe wakati yeye yuko shambani. Alikuwa anaonesha kwa mkono, anacheka, na mbele yake, mdogo wangu, hapakuwa na kitu zaidi ya rangi nyeupe tuliyoichagua mimi na wewe.

Dalali akafungua mdomo amsahihishe. Mkunga akamkanyaga mguu, nilimwona kwa macho yangu, kisha akasema kwa sauti ya upole kwamba jua lenyewe zuri kweli, na jiko hili bila shaka limelisha watu wengi. Mama akajibu kwamba limelisha wawili tu, ila walikuwa wanakula kwa watu kumi. Mimi nililiweka sinia mezani, nikawamiminia chai.

Wageni walipoondoka nilikaa chini miguuni pake nikamuuliza anaona nini. Kwanza alinirudishia habari za nzi. Nilipomshika mikono na kuuliza tena, akaniambia haoni. Haoni kitu, isipokuwa mwanga wa dirisha ukiwa mkali. Na hakuanza jana. Jicho la kwanza liliondoka zamani, la pili likalifuata polepole, na hakusema kwa sababu hakupungukiwa na kitu. Maji jirani alikuwa anamchotea, na ndani ya nyumba ile ya zamani alijua kila ukuta, kila mlango, kila mahali sakafu ilipobonyea. Kumbuka tulivyokuwa tunakuja kumtembelea, anatupikia, anatumiminia chai na tone halimwagiki. Tulikuwa tunamsifu kwamba hazeeki. Kisha tukaja na nyundo tukamvunjia.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho bila kukuambia. Daktari alisema kilichokwenda hakitarudi, akampa dawa ya matone ya kuzuia maumivu tu.

Umeniambia mara nyingi jinsi alivyokuwa huko kwako, hatoki chumbani bila kumshika mjukuu mkono, na jinsi hilo lilivyokugusa. Nilimuuliza. Akasema wale watoto anawapenda kwelikweli, usije ukadhani vingine, lakini bila wao asingekijua choo kilipo. Huyo mchanga anamfahamu kwa kisogo na kwa pumzi. Aliniuliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu, amefanana na nani. Nikamwambia masikini amefanana na wewe. Akacheka, kisha akajifuta uso kwa khanga.

Na sababu ya kuuza nyumba si baridi. Alisema mwanawe amejinyima miaka ili yeye akae pazuri, atamwambiaje kwamba ndani yake haoni pa kupita? Aliona heri nyumba iende kwa wengine, yeye aje kwako ashikwe mkono mpaka siku zake ziishe, kuliko wewe ujue. Akaniapisha nisikuambie. Nikaapa, na kama unavyoona kiapo chenyewe nimeshakivunja, wala sitamwomba msamaha.

Mdogo wangu, najua ulipofika hapa umeweka barua chini. Iokote. Usijilaumu peke yako, maana hivyo vigae vinavyoteleza nilivichagua mimi, na mimi ndiye niliyekuwa naishi karibu naye na sikuona. Nimelia vya kutosha kwa niaba yetu wawili. Sasa sikiliza nilichofanya.

Nilimwita fundi wetu yuleyule. Alikuja na tabasamu akidhani tunaongeza ghorofa. Nilipomwambia arudishe ukuta wa korido na jiko la kushoto, aliniuliza kama nina homa. Akasema tangu aanze ufundi hajapata kuambiwa avunje kazi yake mwenyewe wakati watu bado wanaisifia. Nilipomweleza sababu alivua kofia. Kisha akaenda kwa Mama mwenyewe amwoneshe mlango wa jiko ulikuwa wapi hasa. Vile vyumba viwili vipya na choo vitabaki, hivyo ramani yako haijafa yote. Bomba nalo litavutwa mpaka jiko la zamani.

Mama kwa upande wake nilimdanganya. Nilimwambia mkunga amekubali kununua, ila anapenda mtindo wa zamani na anataka kuta zirudi kabla hajahamia. Mama akapiga makofi! Akasema hatimaye amepatikana mtu mwenye akili, ila wewe usiambiwe utaumia. Tangu hapo kila asubuhi anakwenda kukagua kazi kwa kiganja, na fundi akikosea kidogo anamsema mpaka anarudia. Jana aliingia jikoni peke yake, kwa mlango wa kushoto, bila kugusa kitu, akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuunguza vitunguu. Nilimkumbatia mpaka akanisukuma.

Lakini mnunuzi hayupo. Mkunga alinishika mkono getini siku ileile akasema nyumba hii hawezi kuinunua, ila ataomba siku moja aje kutembea. Nimeng'oa kibao, na dalali hanisalimii tena.

Kinachoniumiza ni hiki. Mama anaamini mwisho wa mwezi anaondoka. Ameanza kufunga nguo zake. Nyumba yake inamrudia ukuta baada ya ukuta, naye anaiaga ukuta baada ya ukuta, kwa mikono, na mimi namtazama. Siwezi kumwambia abaki bila kumwambia kwamba unajua, na akijua kwamba unajua atasisitiza kuhama ili kukuthibitishia kwamba zawadi yako ilikuwa nzuri. Unamjua.

Kwa hiyo njoo. Acha kazi kwa siku chache, njoo wewe mwenyewe, mwambie umebadilisha mawazo. Mwambie huwezi kuvumilia kuiona nyumba ya baba yako kwa watu baki, na kwamba ulipiga simu ukamkatalia mnunuzi. Ukikuta kuta zimerudi, furahi, sema hivi ndivyo ulivyokuwa unaikumbuka. Mdanganye vizuri, kama yeye alivyotudanganya sisi. Na ukiingia usimkumbatie ghafla kwa nyuma kama kawaida yako. Msalimie kwanza ukiwa mbali kidogo, ajue ni wewe.

Nifungie hapa, mkono umechoka. Mpe wifi salamu zangu, wabusu watoto wote kwa ajili ya shangazi yao. Jibu lako nitalisikia ukishuka kwenye gari. Mama amekaa hapa mbele yangu anachambua maharage, na muda huu ameniuliza kalamu hiyo inayokwaruza kwa muda mrefu namwandikia nani. Nimemwambia namwandikia mdogo wangu. Amesema nikusalimie sana, na nikuambie nyumba uliyomjengea ni nzuri mno, kila siku anaitazama.

Wako akupendaye,

Dada yako