Damu Tulivu ya Narae

Jumamosi, 18 Mei

Narae kaja nyumbani! Amekonda, lakini bado mzuri kama mama yake. Mwaka wa tatu huu anasomea shahada ya udaktari wa sayansi kule chuoni Seoul. Anadondoshea utomvu wa mti wa laka, ule wa vanishi unaowasha ngozi, kwenye chembe za damu za watu, aone za nani zinakasirika. Upele wa laka unaanzia humo, anasema. Za kwake hazikasiriki kamwe — ndizo wanazolinganishia zote! Nimemwambia jirani, Mama Wonho: chuo kizima kinategemea damu niliyoizaa mimi. Akanijibu, "Haya, Mama Narae, kesho utatuambia hata mate yake yanatibu." Wivu tu.

Nimempikia supu ya kuku kwa gome la mti wa laka, kama sisi wa Okcheon tunavyompikia mtu aliyechoka. Kumwambia sikumwambia. Angekataa. Nikasema ni mzizi wa ginseng. Kala bakuli mbili, na hakutokwa na hata kipele. Si nilijua!

Jumatano, 5 Juni

Narae kapiga simu. Sauti imefifia. Damu yake imekasirika. Profesa wake anauliza kama majibu ya miaka yote alikuwa akiyatunga.

Nikamwuliza, damu hubadilikaje ghafla? Akasema laka ikiingia mwilini mara ya kwanza huenda usione kitu. Chembe zinajifunza kimya kimya, wiki mbili hivi. Zikikutana nayo tena ndipo zinapigana. "Lakini mimi sijaigusa bila glavu, mama."

Nikasema pole, mwanangu. Basi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimehesabu siku tangu ile supu hadi simu yake: kumi na nane.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemwambia ya gome. Akauliza: "Gome kiasi gani, mama?" Konzi moja. "Ulilichemsha muda gani?" Asubuhi nzima. Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Akasema nije chuoni niseme mwenyewe, yeye hataaminiwa.

Jumatatu, 10 Juni

Niko kwenye benchi, koridoni kwa profesa. Nimevaa koti nililovaa harusini kwa dada yangu. Namsikia profesa ndani akisema: mzazi gani hatamtetea mwanawe?

Narae katoka. Mkono umevimba, mwekundu pale walipompaka tone la kumpima. Nikataka kuushika, akaurudisha nyuma.

"Ingia, mama. Tafadhali, usinisifu. Sema ya supu tu."

Profesa kasimama mlangoni, ameinama kunisalimu. Ananingoja. Narae ananiambia niweke kalamu chini —