Programu Waliyorushiana Goziba

Nshambya,
Bukoba.
13 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Kamala,

Hujambo huko Dodoma? Judica na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, waitu, ila amani hatuna. Nakuandikia kwa karatasi, Privatus anayesafiri kuja huko akuletee mkononi, kwa sababu simu siziamini tena.

Kaka yetu Avit amekatwa mkono. Kwa panga, Kamala! Majambazi waliwavamia ziwani karibu na kisiwa cha Goziba, wakang'oa injini, wakamkata, wakauchoma mtumbwi. Mvuvi mwenzake Ndyamukama walimpiga shoka la kichwa, akafa palepale. Mustapha, wa mtumbwi huohuo, walimfunga kamba wakamtosa majini mzima mzima. Washenzi wakubwa!

Walijuaje mitumbwi iko wapi? Kwa programu yako, ile inayopitisha ujumbe wa hatari simu hadi simu, pasipo mnara. Mtu aliyejifanya mnunuzi wa dagaa alimrushia Avit toleo jipya. Avit, kwa kujivunia mdogo wake, akawarushia wenzake wote mwaloni, pale wanapoegesha mitumbwi, maana ndiyo desturi yao, mmoja akipata wote wamepata. Kumbe lilikuwa limechezewa! Likawaonyesha majambazi kila mtumbwi ulipo, na kitufe cha hatari kikauawa.

Wewe ulitaka kila nakala ithibitishwe mtandaoni kabla simu haijaipokea. Mimi ndiye niliyekufokea kwamba wavuvi hawana bando, usiwasumbue. Najichukia kwa hilo.

Sasa ni mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, mitumbwi yao iko nchi kavu. Wiki ijayo giza likirudi wataingia tena ziwani. Wakiifuta programu hawana cha kuitia msaada, wakibaki nayo watachinjwa. Tengeneza nyingine, yenye muhuri ambao simu itaukagua yenyewe bila bando. Namba ya muhuri iandike kwa mkono wako, umpe Privatus. Nitaipeleka Goziba mwenyewe, kila nahodha ailinganishe kwa macho yake. Usilale, Kamala!

Simu ya Avit nimeitwanga kwa mchi. Ningempata yule mnunuzi ningemtwanga vilevile.

Mama anakuombea asubuhi na jioni. Wasalimie Judica na watoto, Mungu awafunike.

Avit naye anakusalimu kutoka kitandani hospitalini. Anakushukuru sana, anasema kitufe chako ndicho kilichowaita waliomwokoa. Waliuona moto wa mtumbwi, Kamala, si kitufe. Sijamwambia hilo, wala kwamba toleo alilowarushia akina Ndyamukama ndilo lililowaleta majambazi.

Dada yako anayekupenda kwa machungu haya yote,
Joyness