Divai ya Rozela na Jicho la Mama Mkwe

Mshauri wetu, shikamoo. Naomba unisaidie maana hapa Machame sina wa kumweleza. Mume wangu Eliufoo ni mzee wa kanisa, tunaishi na mama yake, na mwaka huu nilianza kujifunza kutengeneza divai nyumbani, nikanunua rozela kavu soko la Kwa Sadala, nikachemsha, nikatia sukari na hamira, nikamimina kwenye chupa kubwa ya kioo nikaiweka pembeni ya sebule, kifuniko nikakilegeza kama nilivyofundishwa ili hewa itoke. Mama mkwe alilalamikia harufu, na siku moja wanajumuiya wa kanisa walikuwa wanakuja kusali kwetu. Siku hiyo nikiwa bandani nalisha ng'ombe nikasikia mlio, nikakimbia, nikamkuta mama amekaa chini ameshika uso, divai na damu zimechanganyika sakafuni hata sikujua ipi ni ipi. Daktari alisema jicho la kushoto halitaona tena.

Nikifagia vioo niliiona shingo ya chupa, kifuniko kimekazwa kabisa na juu yake kimefungwa kipande cha kanga. Kanga ya mama. Nikavitupa chooni, nikanyamaza. Sasa watu wanasema Mungu ameniadhibu kwa kuleta pombe nyumba ya sala, mume wangu haongei nami, na mama mwenyewe kila asubuhi nikimpelekea uji ananiambia, "Mama Given, mimi nimeshakusamehe, usijitese." Huo msamaha unanichoma kuliko matusi. Nimwambie ni yeye aliyeifunga, au nife nalo?

Mama Given, Machame

Mama Given, pole sana, na mama mfikishie pole zangu.

Mungu hakupasua chupa. Divai ikichachuka hutoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea hupasua kioo. Lakini usijione umeonewa tu. Wewe ulijua kifuniko kile hakikazwi, ulimwambia nani? Mama amezoea mbege, pombe ya ndizi ya kwenye pipa, inafunikwa kwa kitambaa na haimdhuru mtu. Angejuaje? Tena ukaweka kioo wanapopita watu! Kwa hiyo msamaha wake upokee. Sehemu ya kosa ni yako kweli.

Mume wako mweleze yote leo, pamoja na ile kanga, mkiwa wawili. Yeye ndiye wa kuwanyamazisha wanaotangaza laana. Mama mrudisheni kliniki ya macho, jicho lililobaki linahitaji kuangaliwa. Divai iache kwanza. Ukiirudia siku moja, tumia ndoo ya plastiki, mpira mwembamba utoke kwenye kifuniko uingie kwenye kikombe cha maji, ikae stoo, na kila mtu nyumbani ajue kwa nini.

Kwa mama usiende na mashtaka, wala usiende na uongo. Kaa karibu naye umwambie: "Mama, nisamehe, sikukuambia kwamba ile chupa haikazwi." Basi. Usiongeze neno la kujitetea. Akinyamaza, mwachie. Akilia, usiondoke. Na akikuuliza kama ni yeye aliyeifunga, mjibu ndiyo, kwa sauti ambayo ungetaka mkwe wako akujibu nayo siku wewe ukiwa bibi.