Misumari Niliyoimwaga Kwenye Kona

Peyrelade-le-Haut,
Tarehe 3 Oktoba, 1907.

Mpendwa dada yangu Eulalie,

Nakusalimu wewe na shemeji na Rosine wetu, nikitumaini karatasi hii itawakuta wazima huko Pampa ng'ambo ya bahari, ngano imesimama na mvua haijawakimbia. Kile kikohozi chako cha mwaka jana kimekuacha? Usikidharau. Sisi huku miili ni mizima. Mgongo unaniuma nikiinamia gogo, lakini fundi wa viatu vya mbao asipoumwa mgongo watu watasema hafanyi kazi.

Miti ya jozi imezaa sana. Nguruwe amenenepa, na nilikuwa karibu kukuandikia kwamba tumebomoa ukuta ili kumtoa bandani. Hatukubomoa ukuta. Nimeapa barua hii isitiwe chumvi, hata ya nguruwe.

Barua yako ilifika wiki iliyopita. Nimeisoma mara nyingi, kwa kidole, neno kwa neno, kama unavyojua nisomavyo. Unasema kwa sababu ya yale niliyokuandikia Julai juu ya Antonin Bonnefous mhunzi, umeirudisha posa ya Basile, mtoto wa ndugu yake aliyehamia huko kwenu. Unasema damu ya watu waliomharibia mwanao haitaingia nyumbani mwako, na kwamba Rosine hasemi na mtu tangu siku hiyo.

Eulalie, Antonin hakumwaga ile misumari. Niliimwaga mimi.

Sasa nimekwisha kuliandika. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana nusu ya ile barua yangu ya kwanza ilikuwa upepo.

Nilikuambia kwamba Firmin, mwanao uliyeniachia huku, alikuwa wa kwanza katika yale mashindano ya baiskeli ya kuzunguka nchi. Alikuwa wa tisa. Lakini wa tisa bila kampuni ya kumlisha wala kumtafutia kitanda, akilala mazizini na kujishonea mipira ya magurudumu mwenyewe, baada ya hatua sita za mji hadi mji, wakati wengine wana watu wa kuwakanda miguu! Hilo ni kubwa lenyewe. Nami mjinga nilidhani halitoshi.

Desturi ya barabara za huku hukuisahau. Kijana wa kwenu akishapita, nyuma yake njia inafungwa. Wengine huangusha mti, wengine huswaga ng'ombe. Mimi nilikuwa na misumari ya viatu, ile mifupi yenye kichwa kipana, ambayo ukiitupa hukaa kichwa chini, ncha juu. Niliijaza mifuko yote miwili. Niliinunua kwa Antonin mwenyewe, maana ndiye anayeifua.

Asubuhi ya siku waliyopita kwetu, pale mkahawani, ambapo wapanda baiskeli walitakiwa kutia sahihi mezani, niliwatangazia watu kwamba mimi napanda kwenye kona ya juu kumlinda mpwa wangu. Mjane Marcelline akaniuliza, "Ferréol, wote watakuja weupe kwa vumbi kama wasaga unga. Wako utamjuaje?"

"Kwa magoti yake, mama. Magoti ya Firmin nayajua hata yakiwa kilomita moja."

"Wewe? Si ndiwe uliyemkokota mbuzi wangu mpaka kwako, ukiapa kwa watakatifu wote kwamba ni wako?"

Walicheka wote. Basi kicheko kile nikakibeba mpaka konani, na ndicho kilichoniponza. Alipotokea wa kwanza katika vumbi, peke yake, ana miwani na mipira ya akiba mabegani, sikumtazama sawasawa. Nilikuwa nimeshaamua ni yeye. Nikaita, "Firmin! Kanyaga, mwanangu!" Naye akainua mkono. Nani asiyeinua mkono akishangiliwa? Akapita. Nikamwaga mfuko mzima barabarani.

Kisha likaja kundi la watu saba, na wa tatu wao alikuwa Firmin.

Nilipiga kelele, lakini kwenye mteremko ule nani angesikia? Nilisikia mpira ukipasuka, kisha mwingine. Wanne walianguka. Firmin hakuanguka, alisimama tu akautazama mpira wa mbele, halafu wa nyuma. Alikuwa na mipira miwili ya akiba. Akaifunga yote miwili, akapanda, hakufika hatua kumi wa mbele ukalia tena. Misumari ilikuwa imetapakaa mpaka majanini.

Hapo akakaa chini, akatoa sindano na uzi, akaanza kushona, midomo imepasuka kwa jua. Nikakimbia nimshikie gurudumu.

"Mjomba, usiniguse!" alisema. "Ukishika hata pampu wananifuta. Yule pale anatazama." Kweli, msimamizi alikuwa kwenye ukuta wa mawe na daftari lake. Sheria yao ni hiyo, mtu ajitengenezee mwenyewe. Basi nilisimama kumtazama mtoto wako akikata uzi kwa meno, na mikono yangu hii isiyo na kazi.

Akachomoa msumari, akaugeuza. "Huu kaufua Bonnefous," alisema. Akaniangalia usoni. "Mjomba, nani kafanya hivi?"

Antonin alikuwa hatua ishirini chini yetu na ndoo ya maji. Alikuwa amepanda kutoka kwake Combelongue, kijiji cha bondeni, kuwamwagia vijana maji vichwani, mtu yeyote, wa popote. Niliitazama ile ndoo, nikasema, "Si huyo hapo? Amekuja kuangalia kazi yake."

Maneno saba tu, Eulalie, nimeyahesabu. Watu walimvamia, wakamwagia maji yake mwenyewe, wakamvika ndoo kichwani. Akawa anauliza ndani ya ndoo, "Nimefanya nini mimi?" Na mimi nikacheka pamoja nao ili nisionekane nimenyamaza.

Firmin alifika mjini wakati meza ya sahihi imekwisha kukunjwa. Wakalifuta jina lake. Antonin naye, tangu siku ile hakuna wa Peyrelade anayempelekea farasi wa kuvishwa viatu vya chuma. Usiku nilikuwa nalala vizuri tu, nisikudanganye. Ni barua yako iliyoniamsha.

Jumatatu, siku ya gulio, nikapanda juu ya mkokoteni uwanjani nikasema kwa sauti yangu yote, "Jamani! Misumari ile niliimwaga mimi!"

Unajua walifanya nini? Walicheka. "Na mwaka juzi uliua mbwa mwitu kwa kiatu!" mmoja akapaza sauti. Mwingine akasema, "Tuambie na ulivyommeza!" Nilivyozidi kuapa ndivyo walivyozidi kushika mbavu. Miaka thelathini nimewauzia maneno, na siku niliyoleta la kweli hakuna aliyelinunua. Antonin ndiye peke yake hakucheka. Alisogea akaniambia, "Ferréol, jina langu limekaa matopeni tangu Julai, na leo umekuja kunifanyia mzaha?"

Hapo ndipo Firmin alipopita katikati ya watu. Alisema bila kupandisha sauti, "Si mzaha. Alipokuja kunishika gurudumu nilisikia misumari inagongana mfukoni mwake. Nikajiambia ni ya kazi. Nilitaka iwe ya kazi."

Hata wauza kuku waliacha kuku wao wakasogea kusikiliza. Firmin akavua kofia, akamwomba Antonin radhi kwa kumtemea mate siku ile, jambo ambalo hata mimi sikukuandikia. Tangu hapo analala kwa Antonin na kumsaidia kwenye mvukuto wa moto. Mimi hanisemeshi.

Nakuomba, dada, waite Bonnefous wote wa huko, uwakalishe, uwasomee barua hii kwa sauti, bila kuruka mstari, hata ule wa ndoo. Kisha Rosine aamue mwenyewe. Binti asilipie ulimi wa mjomba wake.

Najua huenda nawe ukasema, ah, Ferréol na hadithi zake. Kwa hiyo kabla sijaifunga nitaipeleka mpaka mlangoni kwa Antonin, Firmin aisome. Hapa chini namwachia nafasi. Ikirudi tupu, niamini hivyo hivyo.

Msalimie shemeji, na mzee Cyprien wa Rodez kama bado yu hai, na Rosine umbusu kwa niaba yangu akikubali. Mungu awape mvua kwa wakati wake na awaepushe na ndugu wa aina yangu.

Mimi mdogo wako, akupendaye hata usipotaka kupendwa naye,
Ferréol Vayssade

Mama, nimeisoma mara mbili. Ni kweli yote. Wafungulie mlango. Mjomba bado simsemeshi, lakini wewe usiache kumwandikia. Firmin.